Nepia Inapodumaa: Chunga Mbegu Unayompa Jirani



Tukitaja ugonjwa wa mimea, wengi huwaza mahindi au maharagwe. Nyasi hakuna anayezijali. Lakini nyumba nyingi siku hizi karo hutoka kwa ng'ombe mmoja wa zizini, na huyo anategemea nepia. Nepia ikiugua maziwa hupungua, na mwenyewe huanza kununua majani kwa ile pesa ya karo.

Ugonjwa wa kudumaa kwa nepia ulionekana Bungoma mwaka wa 1997. Tangu hapo umeenea sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, na Uganda na Tanzania pia uko.

Ubaya wake ni kwamba unajificha. Shina ambalo halijakatwa laweza kuonekana zima kabisa. Likatwe, lianze kuchipua, ndipo utaona: machipukizi mengi membamba yamesongamana, majani madogo ya manjano, mapingili mafupi. Kila ukikata linazidi kuwa fupi, na mwishowe hukauka.

Kuna wanaosema, "Aa, ni udongo umechoka tu." Basi angalia hivi. Udongo ukichoka, sehemu nzima ya shamba hubadilika rangi pamoja, na ukitia samadi hupata nafuu. Ugonjwa huu hushika shina moja hapa, jingine kule, katikati ya mengine mabichi. Samadi haiuponyi, na dawa ya kupulizia ya kuuponya hakuna.

Kinachouleta ni viini vidogo mno viitwavyo faitoplasma, ambavyo huishi katika utomvu. Kidudu kinachorukaruka majanini hufyonza shina gonjwa, kisha huenda kufyonza lililo zima na kuliambukiza.

Njia ya pili ni sisi wenyewe. Niliwahi kusaidia kikundi cha akina mama kuanzisha nepia. Tulipewa vipande vya bure kutoka shamba lililopendeza, majani yamempita mtu kimo. Nilibeba magunia kwa pikapu nikiwa na furaha, tukagawana nyumba kwa nyumba. Walipokata mara ya pili, manjano yakatokea karibu kila boma. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hii mbegu uliitoa wapi?" Nilikosa la kusema. Tulikuwa tumetazama nepia ndefu, ambayo haijakatwa.

Kwa hivyo, kabla ya kuchukua vipande, mwombe mwenye shamba akate sehemu kwanza. Rudi baada ya wiki sita au nane uone inavyochipua. Ukiona hata mashina machache ya manjano, usichukue chochote hapo, hata yale yanayoonekana mazima. Mwenye shamba ataona unamsumbua. Msumbue.

Na kama ugonjwa tayari uko kwako? Kukata peke yake hakusaidii. Ng'oa shina lote na mizizi yake, uchome au ufukie. Usirudishe nepia kwenye shimo lile lile mara moja. Panda maharagwe kwanza. Kagua shamba kila baada ya kukata, maana ndio wakati ugonjwa unajionyesha. Tena usiweke tumaini lote kwa nyasi moja: desmodiamu na majani ya viazi vitamu ng'ombe anakula vizuri.

Usichanganye ugonjwa huu na ule wa masizi, ambao hutoa vichwa vyenye unga mweusi. Kwa masizi, nepia ya Kakamega 1 huustahimili, lakini hiyo si kinga ya kudumaa.

Ya kuzungumza kikundini:

Nepia yetu ya kwanza ilitoka kwa nani, na yake iko hali gani leo?

Ni nani kati yetu amempa mtu vipande mwaka huu? Tuende tukaone vilivyochipua.

Mwanachama akilazimika kung'oa nusu ya shamba lake, ng'ombe wake atakula nini mpaka nyingine ikomae, na kikundi kitamchangia vipi?