Kimya Si "Hapana": Somo la Makosa ya Mtandao Kutoka Kiduka cha Alexandra

Wale msiosoma kompyuta msifunge ukurasa, manake habari yenyewe inahusu umeme wa kulipia kabla: LUKU kwa Mtanzania, tokeni kwa Mkenya, Yaka kwa ndugu zetu wa Uganda. Sidhani kuna kati yetu asiyewahi kuingiza zile tarakimu 20 gizani huku mwenzake anammulikia na simu.

Mimi ninapanga chumba Alexandra, hapa Johannesburg, kwa sababu kodi ya Braamfontein ilinishinda. Alexandra ni mtaa mkongwe, ulianza mwaka 1912, vyumba vimebanana kweli kweli, na ng'ambo ya barabara kuu ya M1 unaona maghorofa ya Sandton. Kwenye uchochoro wetu kuna mzee mmoja wa Kigoma mwenye kiduka, spaza kama wanavyoita wenyeji. Anauza mkate, sabuni, vocha na umeme. Mwaka 2023 aliniomba nimwandikie programu ndogo ya kuuzia umeme. Kazi yake ilikuwa rahisi: inapeleka namba ya mita na kiasi cha pesa kwenye seva ya muuzaji wa jumla, inarudishiwa tokeni, inachapa. Nikaandika kwa Python, jioni moja tu, nikajiona fundi.

Sasa, mwaka ule ndio mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto Afrika Kusini nzima. Umeme ukikatika, minara ya simu inaishi kwa betri, betri zikiisha mtandao unachechemea au unakufa kabisa. Jioni moja ya baridi ya Julai akaja gogo mmoja (huku gogo ni bibi, si lile la kukalia!) na randi 100 za umeme. Mzee akabofya. Kioo kikasema: "Imeshindikana, jaribu tena." Akajaribu tena. "Imeshindikana." Mara ya tatu tokeni ikatoka, bibi akaenda zake. Asubuhi mzee anaangalia salio lake kwa muuzaji wa jumla: zimekatwa randi 300.

Kosa lilikuwa langu, na lilikaa kwenye mistari hii:

```
try:
    jibu = requests.post(ANWANI, json=data, timeout=10)
except:
    print("Imeshindikana, jaribu tena")
```

Hapo nilikuwa nimechukua kila aina ya tatizo nikalitupa kwenye kapu moja, halafu nikalibandika jina la uongo. Ukweli ni kwamba mara zile mbili hakuna kilichoshindikana. Ombi lilifika, seva ikakata pesa, ikatengeneza tokeni, ila jibu likapotea njiani au likachelewa kupita zile sekunde 10. Programu yangu haikujua kilichotokea, lakini badala ya kusema "sijui" ikasema "imeshindikana." Mzee naye, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, akafanya alichoambiwa.

Hebu tutenganishe basi. Ukipiga hodi kwa seva, kuna mambo ambayo yanafanana kwa mbali lakini si ndugu.

La kwanza ni kutofika kabisa. Maktaba ya requests ya Python inaliita kosa hili ConnectTimeout, yaani muda umeisha hata muunganisho haujafunguka. Hapa jaribu tena bila wasiwasi, hakuna aliyekusikia.

La pili ni kupata jibu, ila jibu baya. Namba za 400 na kuendelea zinakuambia tatizo liko kwako: 400 ombi lako limekaa vibaya, 401 hujajitambulisha, 404 kitu hakipo, 429 unapiga hodi mno, subiri. Kurudia ombi lile lile la 400 mara kumi ni kujichosha bure. Namba za 500 na kuendelea zinasema tatizo liko kwao. Tahadhari: requests haikupigii kelele yoyote ukipata 404 au 500! Inakukabidhi jibu kimya kimya kana kwamba mambo ni shwari, mpaka wewe mwenyewe uite raise_for_status(). Wenzetu wa JavaScript, fetch yenu nayo ina tabia hiyo hiyo. Na usipoweka timeout, requests inaweza kusubiri milele, mteja amesimama mlangoni.

La tatu ndilo lililonimaliza mimi: ombi limeondoka, jibu halijarudi. Hii ni ReadTimeout, na wakati mwingine ConnectionError, muunganisho unapokatika katikati. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani na hela, halafu asirudi. Huwezi kusema hajanunua, huwezi kusema amenunua. Namba za 500, 502 na 504 ziweke kapu hili hili pesa inapohusika, kwa sababu seva inaweza kuanguka baada ya kukukata.

Dawa yake ni kulipa ombi jina kabla halijaondoka. Unatengeneza namba ya kumbukumbu isiyofanana na nyingine, unaiandika kwenye diski KABLA ya kutuma (kompyuta nayo inaweza kuzimika), na ukirudia unarudia na namba ile ile. Seva ikishaiona namba hiyo haikati tena, inakurudishia tokeni ya mwanzo. Programu yetu ya sasa iko hivi:

```
namba = str(uuid.uuid4())
data["kumbukumbu"] = namba
hifadhi(namba, data, "inasubiri")
try:
    jibu = requests.post(ANWANI, json=data, timeout=(3, 30))
    jibu.raise_for_status()
    hali = "imejibiwa"
except requests.exceptions.ConnectTimeout:
    hali = "haijafika"
except (requests.exceptions.Timeout,
        requests.exceptions.ConnectionError):
    hali = "haijulikani"
except requests.exceptions.HTTPError as kosa:
    if kosa.response.status_code >= 500:
        hali = "haijulikani"
    else:
        hali = "imekataliwa"
hifadhi(namba, data, hali)
```

Ule (3, 30) maana yake sekunde 3 za kufungua muunganisho, na 30 za kusubiri seva iseme kitu. ConnectTimeout lazima itangulie, manake nayo ni mtoto wa zile mbili za chini yake. Ukiiweka nyuma haifikiwi kamwe. Hali ikiwa "haijulikani", kioo kinamwambia mzee "Subiri, nauliza," na programu inauliza seva habari za namba ile. Ikiwa seva unayotumia haikubali namba ya kumbukumbu, basi kabla ya kurudia soma orodha ya mauzo ya mwisho uone kama mita ile imo. Inachelewesha, lakini afadhali.

Kurudia nako kuna adabu yake. Usigonge kila sekunde. Subiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na uongeze kipande cha bahati nasibu juu yake. Kwa nini bahati nasibu? Umeme ukirudi saa nne usiku, viduka vyote vya mtaa vinaamka pamoja. Vikigonga kwa mpigo mmoja vinaiangusha seva ambayo ndiyo kwanza inasimama.

Wale mnaotaka kuandika programu za M-Pesa mkirudi Kenya, msidhani mmeokoka. Ukimtumia mteja ombi la kulipa kupitia Daraja, lile jibu la haraka lenye ResponseCode 0 maana yake ni "ombi limepokelewa" tu. Hela bado. Matokeo yanakuja baadaye kwa njia nyingine: ResultCode 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au hakujibu. Ukitoa mzigo kwa sababu umeona sifuri ya kwanza, mzigo umeutoa bure.

Kinachonichekesha ni kwamba mita ya ukutani ilikuwa na akili kuliko mimi. Ingiza tokeni moja mara mbili, mita inakataa, kwa sababu kila tokeni ina kitambulisho ndani yake na mita inakumbuka vilivyotumika. Kitambulisho hicho ni hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi yake ilijaa Novemba 2024. Ndiyo maana nyumbani mliambiwa muingize zile tokeni maalum za kuweka mita sawa. Ila mita inazuia tokeni moja kutumika mara mbili. Kununua mara mbili haiwezi kukuzuia, hilo ni la programu.

Na tokeni hufungwa kwa ufunguo wa mita husika, kwa hiyo zile mbili za ziada mzee asingeweza kumuuzia mtu mwingine. Tulizikuta kwenye taarifa ya muuzaji, tukampelekea gogo. Akazichukua, akalipa kidogo kidogo, randi 20, randi 30, kutoka kwenye pensheni yake, kwa kosa ambalo hakulifanya. Ya mwisho nilimlipia mimi.

Zoezi: andika seva ndogo kwenye kompyuta yako inayohifadhi ununuzi kwanza, halafu inalala sekunde 40 kabla ya kujibu. Elekeza programu yako huko, bofya, halafu kahesabu umenunua mara ngapi.