Mzee Akitoka Wodi, Mwethya Uko Wapi?



Kazi ya mwethya tunaijua: kuchimba matuta, kujenga mabirika. Lakini mzee akirudishwa kutoka hospitali ya Kitui au ya Wote, tunampelekea sukari na unga, tunaomba, halafu basi, kila mtu kwake. Sisi wenyewe tulifanya hivyo kwa mzee mmoja wa kiharusi. Hakuna aliyeuliza nani atamgeuza usiku. Kazi iliachiwa mjukuu, msichana wa miaka 15. Baada ya wiki mbili mzee alikuwa na kidonda mgongoni, na msichana haonekani shuleni.

Matayarisho huanza mzee angali wodini. Yule atakayemtunza, si yule mwenye gari tu, aende siku mbili tatu mapema amwombe nesi amfundishe. Asitazame tu. Amgeuze, amwinue, amlishe kwa mikono yake nesi akiona. Tena aulize: dawa zipi za zamani zinaachwa? Wazee wengi humeza za zamani na mpya pamoja! Kliniki ni lini? Dalili gani za kumrudisha haraka?

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kagueni ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Palipobadilika rangi msipasugue. Mlazeni upande mwingine. Wa kiharusi aketi wima anapokunywa, polepole. Akikohoa kila akimeza, mwambieni nesi.

Choo cha shimo ni taabu kwa aliyevunjika nyonga. Fundi wa kijijini akate tundu kwenye kiti imara cha mbao, ndoo ikae chini yake.

Sasa maji. Shuka za mgonjwa hufuliwa kila siku, na kwetu mwezi wa Septemba punda hutembea mbali. Hapa ndipo kikundi kinahitajika: kila nyumba ilete mtungi wa lita 20 siku ya zamu yake, na usiku mmoja kwa wiki mtu aje amgeuze mzee ili mtunzaji alale. Mwiteni pia mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu 2023 wengi wamepewa mashine ya kupima presha na sukari.

Kwetu zamu ilianza tukiwa tumechelewa. Kidonda kilichukua miezi minne kupona. Msichana alirudi shule muhula uliofuata, darasa lile lile.