Povu la Sabuni ya Kunyolea

Kinyozi hodari hutambulikana kabla hajaushika wembe. Mtu akiketi mbele yake, huanza kwa maji na burashi, wala hana haraka, maana ajua ya kuwa povu ndilo linaloutengenezea wembe njia. Kinyozi asiyejua kazi hupaka sabuni kidogo tu, kisha hukwangua. Ndevu huvutwa, ngozi huchubuka, na mahali palipochubuka huingia vijidudu vya maradhi, pakafanya vipele na usaha. Ndipo hulaumu wembe. Au huilaumu sabuni, akasema ni ngumu kama jiwe. Walakini mara nyingi kosa li katika maji: ama ni mengi mno, ama ni machache mno, ama si maji yafaayo.

Povu lina kazi mbili. Unywele mkavu ni mgumu kukatika. Lakini unywele hunywa maji, na ukisha kunywa hulainika. Maji ya moto kidogo huulainisha upesi zaidi, katika muda wa dakika 2 au 3. Basi maji matupu hayakai usoni, hutiririka na kukauka. Povu huyashika maji pale pale penye ndevu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kazi ya pili ni kuutelezesha wembe, usiikwaruze ngozi.

Sabuni hufanywa kwa kuchanganya mafuta na magadi yaliyotiwa chokaa hata yakawa makali. Mfaransa mmoja, Michel-Eugène Chevreul, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1823 jinsi mafuta yanavyogeuka kuwa sabuni. Sabuni ya magadi huwa ngumu. Na ile ifanywayo kwa chumvi itokayo katika majivu ya kuni huwa laini. Watengenezao sabuni ya kunyolea mara nyingi hutumia vyote viwili. Mafuta kama shahamu ya ng'ombe huleta povu zito lidumulo, na mafuta ya nazi huleta povu la upesi. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, na kwa sababu hiyo mabaharia waliipenda.

Sasa na tutazame maji. Mahali pengi pa Mombasa, Lamu na Unguja, visima vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, na yapitapo katika mwamba huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Macho hayaioni chokaa hiyo, lakini sabuni huitambua mara moja. Hushikamana nayo, vikawa utando mweupe usioyeyuka, unaogandama kando ya bakuli. Povu halisimami mpaka chokaa yote iliyomo imekwisha shikwa. Basi sabuni ya kwanza hupotea bure. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Maji ya mvua yaliyokingwa kabla ya kufika ardhini huitwa maji laini.

Thomas Clark, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya kemia katika mji wa Aberdeen, Uskochi, aligundua njia ya kulainisha maji, akapewa hati ya njia hiyo mwaka 1841. Tena alionyesha jinsi ya kupima ugumu wa maji kwa sabuni. Sabuni iliyoyeyushwa kwa kipimo hutiwa kidogo kidogo katika chupa ya maji, na chupa hutikiswa kila mara, mpaka povu limesimama dakika 5 bila kuvunjika. Kadiri sabuni inavyotumika nyingi, ndivyo maji yalivyo magumu.

Jambo hili mwanafunzi aweza kulijaribu mwenyewe. Na achukue chupa mbili zilizo sawa. Katika moja atie maji ya mvua, na katika ya pili maji ya kisima, kwa kipimo kimoja. Kisha akwangue sabuni kidogo, atie sehemu zilizo sawa katika kila chupa, azibe, atikise. Kama maji ya kisima yana chokaa nyingi, ataona povu jeupe katika chupa ya kwanza, na katika ya pili maji yaliyochafuka kama maziwa.

Maji mengi ya chokaa hulainika yakichemshwa, kwa kuwa hewa ya ukaa hutoka, na chokaa huganda ndani ya birika, ikawa ukoko mweupe. Magadi pia huiondoa chokaa. Hayo yafaa kwa kufulia nguo, wala yasitumiwe usoni, kwani huiwasha ngozi.

Basi mwenye kutaka povu jema kutoka sabuni ngumu na afuate taratibu hii. Kwanza, atie burashi katika maji laini yenye moto kidogo, na juu ya sabuni atie kijiko kimoja cha maji hayo, aviache dakika chache. Pili, amwage maji yaliyo juu ya sabuni, aikung'ute burashi, ibaki na unyevu tu. Tatu, aizungushe burashi juu ya sabuni karibu dakika moja, pasipo kuikandamiza, mpaka nywele zake zimejaa sabuni nzito. Nne, aipeleke katika bakuli au usoni, akaongeza maji matone machache kwa mara moja, huku akizungusha. Povu likiwa na mapovu makubwa na kutiririka, maji yamezidi. Na aichovye burashi tena katika sabuni. Likiwa kavu kama unga uliokandwa, maji yamepungua. Povu lililo tayari hung'aa, mapovu yake hayaonekani kwa urahisi, nalo husimama likiinuliwa kwa burashi.

Kazi ikiisha, burashi isafishwe, ikung'utwe, iangikwe ikauke. Na sabuni isiachwe majini. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918, watu kadha wa kadha katika Uingereza na Marekani walipatwa na kimeta, na wengine wakafa, kwa sababu ya burashi za kunyolea zilizofanywa kwa nywele za farasi zisizosafishwa kwa dawa. Tena wembe wa mtu mmoja usitumiwe na mwingine; damu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, yatosha kuchukua maradhi toka mtu hata mtu.

Maswali

1. Povu lina kazi gani katika kunyoa?
2. Kwa nini maji ya visima vingi vya pwani ni magumu?
3. Ule utando mweupe katika bakuli umetoka wapi?
4. Kinyozi ataonaje ya kuwa maji yamezidi katika povu lake?
5. Fanya jaribio la chupa mbili, ukaandike uliyoyaona.