Sikukuu Bila Msongo: Kijitabu cha Kaya kwa Desemba na Januari

Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hufurika watu wanaokwenda Moshi, Rombo, Arusha, Bukoba na Mbeya. Ni safari za furaha, na hakuna anayetaka zife. Lakini baadhi ya wasafiri hao huingia Januari presha imepanda, usingizi umepotea, kichwa kinauma kila siku na ndani ya nyumba watu hawasemezani. Sehemu kubwa ya msongo huo hutokana na mambo ambayo familia ingeyamaliza mapema kwa kukaa chini na kuyasema.

Mwili unavyoumia

Mtu akiwa na hofu au mawazo mengi, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, presha na sukari hupanda. Hali hiyo ikidumu saa moja haina madhara makubwa. Ikidumu wiki kadhaa, utaona dalili zake: tumbo kuvurugika, mabega kuuma, kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena, kusahau ulichotumwa, kuwafokea watoto kwa kosa dogo. Ukiziona dalili hizi, usijiite mvivu wala mkorofi. Umechoka, na uchovu huo una sababu zinazoshughulikika.

Ihesabu Januari kwanza

Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate cha sikukuu. Aliyelipwa tarehe 20 Desemba atasubiri hadi tarehe 28 Januari, yaani siku 39, kwa mshahara uleule wa mwezi mmoja. Hiyo ndiyo Januari ndefu tunayoilalamikia. Kipindi hichohicho vikoba vingi vinavunjwa na wanachama wanagawana, kwa hiyo fedha huja kwa mkupuo na kutoa picha kwamba zipo nyingi.

Chukueni daftari, mke na mume mkae wote wawili, na watoto wakubwa wawepo. Tuseme baba ana mshahara wa shilingi 450,000 na mama amepata 700,000 kutoka kwenye kikoba. Jumla ni 1,150,000. Kabla ya kutaja mbuzi au nguo mpya, andikeni Januari: sare, viatu na madaftari 160,000, chakula 300,000, kodi ya nyumba 120,000, nauli na michango ya shule 90,000. Hiyo ni 670,000. Shule za serikali hazitozi ada, lakini mtoto haendi shule bila sare na viatu. Zimebaki 480,000. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ikichukua 320,000, za nyama, zawadi na sadaka ni 160,000 tu.

Sasa mnaweza kuamua mkiwa macho. Huenda mwaka huu akaenda baba na mtoto mmoja, au mkasafiri wote bila kununua nguo. Uamuzi wowote mtakaoufanya mezani ni bora kuliko ule utakaofanywa na deni. Mikopo ya kausha damu na ya kwenye simu hutolewa kwa dakika chache, riba yake ni kubwa mno, na wengine wanaodai huwapigia simu ndugu na majirani wa mkopaji kumwaibisha. Tunasema bila kificho: usikope ili uchinje.

Mpigie mama mapema

Wanaoumia zaidi ni wale wanaoonekana nyumbani kuwa wamefanikiwa kwa sababu tu wanaishi mjini. Wanaogopa kusema hawana, wananyamaza hadi siku ya safari, kisha wanazima simu. Kunyamaza huko kunauma pande zote mbili: kijijini wanadhani umewadharau, nawe hulali.

Piga simu wiki tatu kabla, useme utakachoweza kwanza, kisha usichoweza. "Shikamoo mama. Tutafika tarehe 23. Nitaleta mchele kilo kumi na mafuta lita tano. Mbuzi mwaka huu sitamudu, naomba uwaambie na baba wadogo." Mama ataitikia marahaba, pengine atasikitika kidogo, halafu atapanga mambo yake kwa kujua ukweli. Wazazi nao tunawaomba: mtoto akisema hana, msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyekuja na gari.

Jikoni

Mkamwana amekaa kwenye basi kutwa nzima na mtoto mapajani. Kesho yake, kabla hakujakucha, anatarajiwa jikoni: chai ya watu ishirini, kuchambua mchele, kuosha masufuria, halafu chakula cha mchana, halafu cha usiku. Wanaume wamekaa chini ya mgomba na vibuyu vya mbege. Hali hii ipo katika nyumba nyingi na tumeizoea mno. Mwanamke huyo anarudi mjini akiwa amechoka kuliko alivyokwenda.

Gawaneni kazi jioni ya kwanza, kwa majina. Vijana wa kiume wachote maji, wapasue kuni na waoshe masufuria. Shemeji anayejua kuchoma nyama, akaange na ndizi. Kila mpishi apate mchana mmoja wa kupumzika. Mama mkwe akiutangaza mgawanyo huu yeye mwenyewe, hakuna atakayebisha.

Dawa, usingizi, pombe

Mwenye presha, kisukari, kifafa au anayetumia ARV abebe dawa za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada. Azishike kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Sikukuu si sababu ya kuruka dozi.

Pombe huleta usingizi haraka kisha huukatiza usiku wa manane, na kesho yake wasiwasi huongezeka. Ukishindwa kulala, kaa kitandani, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano.

Msaada unapohitajika

Nyumba iliyofiwa mwaka huu isilazimishwe kushangilia. Mtajeni marehemu kwa jina, mkumbukeni, anayetaka kulia alie.

Mtu akiwa na huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili mfululizo, mpelekeni kituo cha afya. Akisema afadhali afe, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Msimwache peke yake, na ondoeni sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge karibu naye. Presha ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au kuona ukungu, ni dharura.

Kwa ushauri wa afya nchini Tanzania piga 199, bila malipo. Mtoto anayeteswa au kuguswa vibaya wakati nyumba imejaa wageni asaidiwe kupitia 116. Msisubiri sikukuu ipite ndipo mmpeleke mgonjwa: idara za dharura za hospitali hupokea wagonjwa hata tarehe 25 Desemba.