Kununua deni la rehani badala ya nyumba

Swali: Naishi Houston, nina akiba ya dola 40,000. Rafiki ananishawishi ninunue deni la nyumba badala ya nyumba yenyewe. Nianzie wapi?

Jibu: Unachonunua ni haki ya kulipwa: hati ya ahadi ya mkopaji, pamoja na rehani inayoifanya nyumba yake dhamana. Bomba likipasuka, hakupigii simu mtu. Ila faida yako ni riba, na kama dini yako inaikataza, biashara hii si yako.

Anza na deni ambalo mkopaji analilipa bila kukosa, tena la daraja la kwanza. La daraja la pili huuzwa rahisi kwa sababu nyumba ikinadiwa wewe unasubiri mwenye deni la kwanza alipwe, na mara nyingi hakibaki kitu. Kodi ya nyumba isiyolipwa humtangulia hata huyo wa kwanza, kwa hiyo lipia upekuzi wa umiliki kabla hujatoa senti.

Jimbo nalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hapo Texas nyumba huweza kunadiwa bila kesi, Jumanne ya kwanza ya mwezi. New York lazima mahakama, na huenda ikachukua miaka.

Dai hati yenyewe iliyosainiwa, si nakala, kisha sajili uhamisho kwenye kaunti. Kazi ya kukusanya malipo iachie kampuni yenye leseni. Na usiimalize akiba yote: mkopaji akiacha kulipa, wakili wa kunadi nyumba hafanyi kazi kwa mkopo.