Breki Iliyolegea

Wako miongoni mwetu wenye pikapu za zamani, wachukuao watu na dagaa kati ya Ujiji na Kigoma. Pedali ya breki ikizama kana kwamba mguu wakanyaga godoro, husema, "Nikikanyaga mara mbili tatu itashika." Hiyo si dawa, kushika huko ni onyo.

Sababu yake ndiyo hii: mafuta ya breki hayashindiliki, bali hewa hushindilika. Hewa ikiingia katika mabomba, nguvu ya mguu huishia humo, isiyafikie magurudumu.

Basi tufanyeje? Kwanza, gari lisimame. Pili, tutazame kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, tutafute yanapovuja, penye viungo vya mabomba na upande wa ndani wa kila gurudumu. Tatu, palipovuja pakiisha kutengenezwa, fundi aitoe hewa, kwa kawaida akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Aongeze mafuta mapya ya breki, wala si ya injini, maana hayo huharibu mipira. Nne, kama hapavuji popote, na pedali hushuka polepole mguu ukiwa umeikandamiza, yaelekea mipira ya masta silinda imechakaa. Nayo haina budi kubadilishwa.

Torati, katika Kumbukumbu 22:8, yamwagiza ajengaye nyumba azungushie dari yake kizuizi, asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Nasi tuteremkao kuelekea ziwani tukichukua watu, breki ndiyo kizuizi chetu. Mwenye gari na aitengeneze leo, kabla ya kumpakia mtu.