Ziwa la Baraje na Samaki Asiyeweza Kuzaa: Somo kutoka Missouri



Mu mikutano ya wavuvi kunarudilia swali moja: "Maji ni mengi, ziwa halijakauka, sasa samaki wameenda wapi?" Mu somo hili tutaangalia ziwa moja la Marekani ambapo swali hilo lilipata jibu wazi. Kule wanavua kwa kujifurahisha, si kwa kulipia watoto masomo, na tutarudia tofauti hiyo mwishoni. Lakini samaki hajui kama anavuliwa na tajiri ao masikini. Akikosa pa kuzalia, anaisha.

1. Ziwa lenyewe

Ziwa Truman liko mu jimbo la Missouri, katikati ya Marekani. Si ziwa la asili. Ma-enjenieri wa jeshi la Marekani walifunga muto Osage karibu na muji mudogo wa Warsaw, na kazi ikamalizika mu mwaka 1979. Wandugu wa Katanga wanajua jambo hilo: ziwa Tshangalele lilizaliwa vile vile, wakati baraje ya Mwadingusha ilifunga muto Lufira.

Kazi kubwa ya baraje ya Truman ni kuzuia mafuriko. Siku za kawaida ziwa lina hektari karibu 22.500. Mvua kali ikinyesha, baraje inashikilia maji, na ziwa linaweza kupanda metre 10 na kufikia hektari zaidi ya 84.000. Basi muvuvi wa kule hawezi kusema "ninajua pahali pangu". Muti ambao juzi alifungia kanoti yake, leo uko chini ya maji, na samaki wamemufuata maji mpaka mu majani ya kando.

Tena, wakati wa kujaza ziwa, miti mingi haikukatwa. Hektari zaidi ya 3.000 ziliachwa na miti yake. Ile miti ilikufa, lakini mingi ingali imesimama mu maji. Kwa kanoti ni hatari, juu shina lililofichwa linaweza kutoboa. Kwa samaki ni nyumba.

2. Namna wanavua

Samaki anayetafutwa sana anaitwa crappie. Ni mudogo, bapa, nyama yake tamu. Mu mwezi wa 4 na wa 5, maji yanapopata moto kidogo, anakuja kutaga mayai mu maji mafupi karibu na ukingo. Mu baridi anashuka chini, anajificha kando ya miti. Muvuvi anasogeza kanoti polepole, anashusha uzi wima karibu na shina, na ndoano ndogo yenye kasamaki kazima. Akingoja kidogo bila kitu, anahamia ku muti mwingine. Ni kazi ya kujua, si ya nguvu.

Wengine wanatafuta kambale wa bluu, ambaye anaweza kupita kilo 30. Huyu wanamutegea chini, na kipande cha samaki mubichi ku ndoano.

Kila muvuvi anabeba kipimo. Crappie asiyefika sentimetre 23 anarudishwa mu maji palepale, na mutu mumoja harusiwe kupita 15 kwa siku. Kwa kambale wa bluu, mu mwaka 2014 waliweka sheria ya namna ingine: mwenye kuwa kati ya sentimetre 66 na 86 anarudishwa. Mudogo unaweza kula, mukubwa sana unaweza kubeba wawili tu, lakini wa katikati hapana.

Juu ya nini wa katikati? Kambale huyo anakomaa polepole, na wavuvi walikuwa wanamumaliza kabla hajafika ukubwa. Muulize mufugaji wa mbuzi: hauchinji majike yanayoanza kuzaa. Ukichinja hayo, mwaka ujao zizi liko tupu.

3. Samaki pua-kijiko

Sasa tufike ku moyo wa somo. Mu muto Osage kuna samaki wa zamani sana anayeitwa paddlefish. Hana mifupa migumu sawa samaki wengine, na pua yake ni ndefu na bapa sawa mwiko wa kugeuza bukari. Anakula viduduvidudu vya mu maji kwa kuogelea kinywa wazi, kwa hiyo hashiki chambo. Wanamuvua kwa kukokota ndoano kubwa yenye meno matatu mu maji mpaka imukamate mwilini. Mu mwezi wa 3 mwaka 2024, chini ya baraje ya Truman, mu ziwa linalofuata, Lake of the Ozarks, alitoka mumoja mwenye kupita kilo 74.

Samaki huyo hatagi mayai popote. Anangoja muto upande mu majira ya mvua, kisha anapanda kinyume cha maji mpaka pahali pa changarawe, ambapo maji yanakimbia. Mayai yanashika ku majiwe. Baraje ilipofungwa, yale majiwe yalizama chini ya maji yaliyosimama. Matope yakakaa juu yake. Na samaki walio chini ya baraje walikuta ukuta mbele yao.

Tuelewe vizuri: samaki wakubwa hawakufa siku hiyo. Waliendelea kuonekana, na watu waliendelea kuvua. Paddlefish jike anangoja miaka 8 ao zaidi kabla ya kuzaa, na anaweza kuishi miaka mingi. Kwa hiyo ziwa linaweza kuonyesha samaki wakubwa wakati watoto wamekwisha zamani. Hii ndiyo hatari ya kupima ziwa kwa macho.

Leta ya Missouri iliona jambo hilo mbele. Iko na kituo cha kutotolesha samaki, kinaitwa Blind Pony. Kila mwaka mu majira ya kuzaa, wafanyakazi wanashika majike na madume, wanatoa mayai, wanayachanganya na mbegu ya dume, wanalea watoto mu mabwawa mpaka wafike sentimetre 25 ao 30, kisha wanawamwaga mu ziwa Truman na mengine mawili. Bila kazi hiyo, paddlefish angekwisha mu maziwa hayo.

4. Bei ya mayai

Mayai ya paddlefish yanafanana na mayai ya samaki wa bahari ya Kaspi, ambayo matajiri wa dunia wanakula kwa bei kali. Samaki wa Kaspi walipopunguka, wanunuzi walielekeza macho ku Missouri. Watu wakaanza kupasua majike, kubeba mayai, na kuyauza kwa siri.

Sheria ya Missouri inakataza kuuza ao kununua mayai hayo. Musimu wa kuvua ni tangu tarehe 15 mwezi wa 3 mpaka tarehe 30 mwezi wa 4, samaki 2 kwa siku kwa mutu, na mu ziwa Truman kuna urefu ambao samaki asipungue, kupimwa tangu jicho mpaka panda ya mukia. Mu mwezi wa 3 mwaka 2013, kule Warsaw, maofisa waliofanya kazi kwa siri walifunua biashara hiyo: watu zaidi ya 100 walihusika. Jike moja lililouawa lilibeba miaka 8 ya kungoja.

5. Nani analipa?

Feza inatoka njia tatu. Kwanza, permi ya kuvua ambayo muvuvi ananunua. Pili, tangu 1950, kodi juu ya vyombo vya kuvulia, inayorudi ku majimbo kwa kazi ya samaki. Tatu, mu mwaka 1976 wananchi wa Missouri walipiga kura wakakubali kodi ndogo: senti 1 ku dola 8 za manunuzi, kwa kuchunga samaki, nyama wa pori na misitu. Waliikubali wenyewe, na feza inaenda ku kazi hiyo.

6. Cha kubeba na cha kuacha

Bila kufichana: hatuwezi kubeba yote. Kule samaki wa ziwa Truman hauzwi sokoni. Kwetu samaki ndiye minerval, dawa na bukari. Kumwambia mama wa familia "rudisha wale wadogo" bila kumwonyesha atapika nini ni maneno ya bure. Na kituo cha kutotolesha kinaomba feza nyingi.

Lakini mambo matatu hayaombi feza nyingi:

- Kujua pahali samaki wanazalia, na kupaacha wakati wa kuzaa. Paddlefish alipoteza changarawe yake, na kumusaidia kunaomba kazi kila mwaka bila mwisho. Kuchunga mazalio yangali mazima ni bei ndogo zaidi.
- Kupima na kuandika. Kaye moja, kipimo kimoja: samaki wangapi, urefu gani, siku gani. Urefu ukipunguka mwaka kwa mwaka, ziwa linasema.
- Sheria inayotoka ku wanamemba wenyewe. Mustikere ya kulalia mu maji mafupi inabeba watoto wa samaki wa kila mutu, si wa jirani peke yake.

Maswali kwa mukutano wa koperative

1. Mu ziwa ao muto wetu, wazee wanajua pahali gani samaki wanazalia? Nani anavua pale sasa?
2. Samaki tunaouza leo, urefu wake unalingana na wa miaka kumi iliyopita?
3. Tukifunga pahali pamoja kwa miezi miwili, familia gani zitaumia zaidi, na koperative itazisaidia namna gani?

Musiruke swali la tatu. Sheria nyingi za uvuvi zinakufa pale.